Jiwe la Nyuma

Mwaka juzi nililipwa kuandika insha kuhusu sanamu ambayo sijawahi kuiona. Mteja alikuwa mwanafunzi wa Marekani. Sijui jina lake, naye hajui langu, ndivyo kazi hii ya kuandika mtandaoni ilivyo. Wengi wenu mnaosoma hapa mmeifanya, ama mna rafiki aliyelipia keja kwa kuifanya, kwa hivyo sitajifanya malaika. Kurasa nne, siku moja, pesa ya unga na tokeni za stima, na kabando ka wiki. Swali alilopewa na mwalimu wake, ambalo yeye alinipa mimi, lilikuwa hivi kwa ufupi: eleza maana ya sehemu ya jiwe ambayo haikuchongwa.

Sanamu yenyewe iko Washington, ndani ya Capitol, jengo la Bunge la Marekani, katika ule ukumbi wa duara chini ya kuba unaoitwa Rotunda. Ni bonge moja la marumaru nyeupe. Kutoka ndani ya bonge hilo wanatokeza wanawake watatu, kuanzia kifuani kwenda juu, kama watu wanaochungulia kutoka kwenye unga. Ni Lucretia Mott, Elizabeth Cady Stanton na Susan B. Anthony, watatu kati ya waliopigania haki ya wanawake kupiga kura nchini mwao katika karne ya 19. Vichwa vyao vimemalizwa vizuri, hadi lesi za shingoni unaziona. Lakini nyuma yao kumesimama mnara wa jiwe lile lile, mrefu, lenye alama za patasi, halijapewa sura. Mchongaji, Adelaide Johnson, aliliacha hivyo makusudi.

Ukiuliza mwongozaji wa watalii atakuambia hadithi ambayo imekuwa maarufu kuliko sanamu: kwamba jiwe lile limewekewa mwanamke wa kwanza atakayekuwa rais wa Marekani. Akichaguliwa, uso wake utachongwa pale. Mwaka 2016 hadithi hiyo ilisambaa sana, Hillary Clinton akiwa anagombea, na mwaka 2024, wakati wa Kamala Harris, ikarudi tena. Maelezo mengine ni mapana zaidi, kwamba jiwe ni kazi ambayo haijaisha, na kina mama wajao ambao wataiendeleza.

Mimi niliandika yote mawili. Nikaongeza maneno ya kupendeza kuhusu matumaini, nikapanga aya zangu vizuri, nikatuma. Mteja aliridhika, pesa ikaingia. Mambo yangeishia hapo, ila usiku huo sikulala vizuri, na sababu haikuwa dhamiri ya kuandikia mtu mwingine kazi yake ya shule. Hiyo dhamiri ilishazoea. Sababu ni kwamba nilijua nimedanganya kuhusu lile jiwe, na nilijua kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kumwacha mtu kwenye jiwe kama lile.

Nitaanza na kina mama wa marumaru, kisha nitafika kwangu.

Mwaka 1840 kulikuwa na mkutano mkubwa London wa kupinga utumwa duniani. Lucretia Mott alivuka bahari akiwa mjumbe. Alipofika, wanaume wa mkutano walijadiliana na kuamua wanawake hawatashiriki. Waliketishwa pembeni, wasikilize tu. Elizabeth Cady Stanton alikuwa pale pia, mke kijana aliyefuatana na mumewe, na hapo ndipo wawili hao walipofahamiana. Miaka minane baadaye, Julai 1848, walikuwa kati ya walioitisha mkutano wa haki za wanawake katika mji mdogo wa Seneca Falls, jimbo la New York. Stanton alipoweka mezani hoja kwamba wanawake wapewe kura, hata wenzake waliona amezidi. Aliyesimama kuitetea kwa nguvu alikuwa mwanamume mweusi, Frederick Douglass, aliyekuwa ametoroka utumwani miaka 10 tu kabla. Hoja ikapita. Tafadhali mshikilie huyo Douglass akilini.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaja, vikaisha mwaka 1865, utumwa ukafutwa. Sasa swali likawa: nani atapewa kura? Marafiki wa kisiasa wa akina Stanton wakawaambia waziwazi kwamba saa hii ni ya mwanamume mweusi, ya wanawake itafika, ngojeni. Na kwa kweli walikuwa na sababu. Kule Kusini watu weusi walikuwa wakiuawa, na Douglass alisema kwamba kwao kura ni suala la uhai. Lakini kwa Stanton na Anthony lile neno *ngojeni* lilikuwa tusi. Walikuwa wamekusanya saini za kupinga utumwa kwa miaka, na sasa wanaambiwa wasimame kando. Mei 1869 chama chao cha pamoja kilivunjika New York kwa kelele. Stanton aliandika na kusema mambo ya aibu kuhusu wanaume weusi na wahamiaji, mambo ambayo hata ukimpenda huwezi kuyasafisha. Yeye na Anthony wakaanzisha chama chao.

Hadi hapo unaweza kuwaelewa, hata kama huwasamehei. Mtu aliyeambiwa angoje huwa na hasira. Kinachonisumbua ni kilichofuata, miaka ilipopita na chama kikataka kupata wafuasi katika majimbo ya Kusini.

Mwanzoni mwa 1895 mkutano mkuu wa wapigania kura ulifanyika Atlanta, Georgia. Anthony, ambaye sasa alikuwa mzee wa chama, alimwomba Frederick Douglass asije. Huyo huyo Douglass wa 1848. Uwepo wake jukwaani ungewakasirisha wazungu wa Kusini ambao chama kilikuwa kikiwatongoza. Habari hii tunayo kwa sababu Anthony mwenyewe alimsimulia mwandishi wa habari mweusi Ida B. Wells, kisha akamuuliza kama anadhani alikosea. Wells alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, mbele ya mwanamke maarufu kuliko wote nchini. Angeweza kusema, ah, mama, nakuelewa. Akamwambia ndiyo, ulikosea: labda umeongezea chama watu, lakini umewahakikishia wanawake weupe kwamba ubaguzi wao hauna neno. Wells ameyaeleza haya katika kitabu cha maisha yake, na kinachonigusa ni kwamba Anthony hakumfukuza. Walibaki marafiki. Anthony hakuwa mtu mbaya, na ingekuwa rahisi kwetu sote kama angekuwa.

Douglass alifariki tarehe 20 Februari 1895, wiki chache tu baada ya Atlanta. Siku hiyo alikuwa ametoka kuhudhuria mkutano wa wanawake mjini Washington. Nikisoma hilo huwa nafunga simu kwanza.

Sasa rudi kwenye lile jiwe. Marekebisho ya 19 ya Katiba, yaliyokataza mtu kunyimwa kura kwa sababu ya jinsia, yaliidhinishwa tarehe 18 Agosti 1920, Tennessee ikiwa jimbo la 36. Watatu wetu wote walikuwa wameshakufa: Mott mwaka 1880, Stanton 1902, Anthony 1906. Anthony alikamatwa mwaka 1872 kwa kupiga kura Rochester, akatozwa faini ya dola 100, akakataa kulipa, na akafa bila kupiga kura halali ya kumchagua rais. Kwa maandishi, marekebisho yale yalikuwa ya wanawake wote. Lakini mwanamke mweusi wa Kusini aliyefika kwenye meza ya kujiandikisha alikutana na kodi ya kura, mitihani ya kusoma na kuandika iliyopangwa afeli, na wakati mwingine bunduki. Sheria iliyovunja mfumo huo ilipitishwa mwaka 1965. Toa hesabu mwenyewe. Msichana aliyekuwa na miaka 21 mwaka 1920 alikuwa shosho wa miaka 66.

Kwa hivyo ninapoambiwa kwamba jiwe la nyuma ni la mwanamke ajaye, nauliza: kwani waliokuwepo tayari wako wapi? Wells alikuwepo. Sojourner Truth, aliyezaliwa mtumwa jimbo la New York na kuzunguka nchi akihutubia kuhusu uhuru na kura, alikuwepo, na mwaka 1867 alilala nyumbani kwa Stanton akiwa mgeni wa mkutano. Hao si watu wa baadaye. Lile jiwe halingoji mtu. Lina watu ndani yake, na walikuwa ndani yake siku patasi iliposimama. Hadithi ya rais wa kwanza mwanamke ni tamu kwa sababu inatufanya tutazame mbele, tumtafute mtu mmoja mkubwa atakayekuja kulimaliza, na tukitazama mbele hivyo hatuwaoni walioambiwa warudi nyuma.

Sasa nifike kwangu.

Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu. Sitasema chuo gani. Njia ya kutoka geti kuu hadi hosteli za wasichana ilikuwa giza tororo, na muhula mmoja msichana alivamiwa pale akitoka maktaba. Tuliitisha kamukunji, tukaimba, tukapiga kelele vile makomredi hupiga, halafu ikachaguliwa kamati ya watu watano kuandika madai. Mimi nikawa katibu kwa sababu nilikuwa na laptopu, na kwa sababu naandika vizuri, kitu ambacho nimekuja kujua si sifa kila wakati.

Madai yalikuwa manne. Soja wa usiku kwenye njia. Maktaba isifungwe bila basi la kurudisha wasichana. Taa kutoka geti kuu hadi hosteli. Na la nne, taa zifike hadi geti la nyuma. Geti la nyuma wanafunzi hatukulitumia sana. Lilitumiwa na kina mama wa usafi, ambao hawakuajiriwa na chuo bali na kontrakta, na walikuwa wakiingia saa kumi na nusu alfajiri ili tukiamka vyoo viwe safi. Dai hilo lilitokana na mmoja wao. Tulimwita Anti, sote. Alikuwa akisafisha korido yetu, na siku nilipokuwa nikiandika yale madai alisimama mlangoni akiwa na ndoo akaniambia, "Na sisi huko nyuma mtukumbuke, mamangu. Huko ni kubaya kuliko huku." Nikamwambia, "Anti, hiyo imeingia."

Na iliingia. Niliichapa mimi.

Mkubwa mmoja wa ofisi alitupokea vizuri, soda na biskuti. Akasoma, akasema matatu ya kwanza hayana shida. Hili la nne ndilo gumu, akasema, kwa sababu geti la nyuma linahusu kontrakta, na mkataba wa kontrakta ni mambo ya kamati nyingine, na kamati hiyo hukutana mara chache. Tukilibakisha, barua yote itakwama huko. Tukilitoa, anatia saini wiki hii. "Hili mtalileta baadaye," akasema. Hakuwa mjeuri. Alikuwa anatueleza namna mambo yanavyokwenda, na nadhani alikuwa anasema kweli.

Tulitoka nje kujadili. Ilichukua kama dakika kumi, na sitaki kuwasingizia wenzangu, hakuna aliyebisha sana, hata mimi. Tulisema ni hatua kwa hatua, na kwamba msichana mwingine akivamiwa tukiwa tunangojea kamati ya watu fulani, damu yake iko mikononi mwetu. Tukakubaliana kurudi muhula ujao na la Anti. Nikafungua laptopu palepale kwenye ngazi, nikafuta mstari, nikabadilisha "madai manne" kuwa "madai matatu". Sekunde labda sita.

Hoja yetu haikuwa ya kijinga, na hapo ndipo swali lenyewe lilipo, kwa sababu kama ingekuwa ya kijinga nisingekuwa na la kuandika. Ukishikilia kila kitu unaweza kukosa kila kitu. Kama wapigania kura wa Marekani wangesema hakuna kura kwa mwanamke yeyote hadi Kusini ikubali mwanamke mweusi, huenda 1920 ingepita bila chochote, na wanawake weusi wa majimbo mengine, ambao walipiga kura kweli baada ya marekebisho, wangekosa pia. Wazee wetu walisema subira huvuta heri. Wazee hao hao wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Watu hucheka kwamba methali zinapingana, lakini mimi naona zinasemwa na watu wawili tofauti. Ya kwanza husemwa na anayeombwa. Ya pili husemwa na mwenye tumbo.

Ninachojiuliza ni tumbo la nani. Mtu akiamua kungoja yeye mwenyewe, hiyo ni subira, na ni sifa. Mott alingoja, Anthony alingoja, maisha yao yote. Lakini nikiamua *wewe* ungoje, na mimi nikavuka, hilo tendo linahitaji jina lingine, hata kama kinywani linatoka kama neno lile lile. Sisi watano tulikuwa tunajadili subira ya Anti bila Anti kuwepo. Angalau tungemwita. Alikuwa umbali wa ngazi tatu, na mop mkononi. Labda angesema, sawa, wanangu, chukueni hizo zenu kwanza. Basi ingekuwa zawadi yake kwetu, na tungekuwa tumekopa kwa ruhusa. Tulichofanya ni kukopa mfukoni mwa mtu aliyelala.

Halafu kuna hili la ahadi ni deni. Tunalisema kwa urahisi sana. Deni lina jina la mdai, lina kiasi, lina tarehe. "Baadaye" haina hata kimoja. Nilipofuta ule mstari sikuuhifadhi popote, sikuandika kwenye kumbukumbu za kamati kwamba tumeahirisha dai la nne kwa sababu fulani na tutalirudia tarehe fulani. Ungesoma barua yetu usingejua kwamba kuna kitu kilitolewa. Ilikuwa barua safi. Ndiyo maana, pamoja na malalamiko yangu yote, namheshimu Adelaide Johnson. Sijui kama alikuwa akimfikiria Wells au Truth alipoacha jiwe lile, na sina sababu ya kudhani hivyo. Ila angeweza kulikata. Angeweza kutupa wanawake watatu wasafi juu ya kitako laini, na hakuna mtu angeuliza chochote. Aliacha alama za patasi zionekane. Barua yangu haikuacha alama.

Na sanamu yenyewe iliambiwa ingoje, jambo ambalo lingekuwa kichekesho kama halingekuwa kweli. Ilizinduliwa Rotunda tarehe 15 Februari 1921, siku ya kuzaliwa ya Anthony, na chama cha akina Alice Paul ndicho kilichoitoa zawadi. Muda mfupi baadaye wanaume wa Bunge wakaishusha chini, kwenye chumba cha nguzo kiitwacho Crypt. Johnson alikuwa ameandika kwenye kitako, kwa herufi za dhahabu, maneno yanayosema kwamba mwanamke alinyimwa kwanza roho, kisha akili, na sasa ameinuka. Maneno hayo yakafunikwa kwa rangi, na hayajarudishwa. Kwa miaka 76 kina mama walikaa huko chini, wakitaniwa kwamba ni wanawake watatu kwenye beseni la kuogea. Bunge lilipokubali kuwapandisha, mwaka 1996, lilikataa kulipia. Watu wakachanga dola 75,000.

Hapo ndipo C. DeLores Tucker, aliyeongoza chama cha kisiasa cha wanawake weusi, alipoweka mguu chini. Akauliza, Sojourner Truth yuko wapi? Ilipendekezwa achongwe papo hapo, kwenye lile jiwe la nyuma. Jibu unaweza kulikisia. Sanamu ipandishwe kwanza. Truth atashughulikiwa baadaye. Mwaka 1997 watatu wakapanda. Truth alipata sanamu yake ya kichwa na mabega, ya shaba, kazi ya Artis Lane, mwaka 2009, Michelle Obama akiwepo kwenye uzinduzi. Ni sanamu ya kwanza ya mwanamke mweusi ndani ya Capitol. Imewekwa kwenye ukumbi wa wageni, Emancipation Hall, uliopewa jina kwa heshima ya watumwa waliojenga jengo lile. Ni heshima ya kweli, sikatai. Ila ukumbi ule uko chini ya ardhi. Akina Anthony wamepanda juu, na Truth akapewa nafasi chini.

New York walijaribu njia nyingine. Bustani ya Central Park ilikuwa imejaa wanaume wa shaba, na wanawake pekee walikuwa wa hadithi, kama Alice. Ulipopangwa mnara wa kwanza wa wanawake halisi, mchoro wa Meredith Bergmann ulikuwa na Stanton na Anthony tu. Watu wakapiga kelele, Truth akaongezwa, na mnara ukazinduliwa Agosti 2020: watatu wamezunguka meza, Truth anaongea, Stanton ana kalamu, Anthony amesimama. Ni mzuri. Picha zake zinapendeza. Lakini kila nikiutazama naona meza ambayo 1869 haikutokea, ambapo hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake asije Atlanta. Unaona barua safi tena, sasa kwa shaba.

Nimebadilisha mawazo mara kadhaa kuhusu Tucker. Mwanzoni nilidhani ningekuwa upande wake, chonga, leo hii, leteni nyundo. Sasa naogopa kwamba uso wa Truth ungelipendeza jiwe lile kupita kiasi. Tungeona wanne, tungesema limekamilika, tungepiga selfi. Wells bado angekuwa ndani, na wengine ambao majina yao hayako kwenye kitabu chochote, waliotembea nyuma ya maandamano ya 1913 kwa sababu waliombwa watembee nyuma. Ningeliacha vile lilivyo na kumwomba tu yule mwongozaji aache hadithi ya rais. Lakini ni rahisi kwangu kusema, nimekaa Nairobi na chai. Tucker alikuwa ameshaambiwa "baadaye" mara nyingi mno kuweza kuvumilia falsafa yangu.

Na sisi si kwamba tuko mbali na neno hilo. Katiba yetu ya 2010 ilisema jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika vyombo vya uchaguzi. Desemba 2012 Mahakama ya Juu ikashauri kwamba hilo litafikiwa hatua kwa hatua, na Bunge litunge sheria kufikia tarehe 27 Agosti 2015. Tarehe ikapita. Mwaka 2020 Jaji Mkuu Maraga akamshauri rais alivunje Bunge kwa sababu hiyo, na Bunge halikuvunjwa. Sitakaa hapo sana, mnaijua hadithi. Nataka tu mwone kwamba hata "baadaye" yenye tarehe inaweza kupotea, sembuse ile niliyompa Anti.

Taa zilikuja. Milingoti saba, na zinawaka, sitaki mtu aseme hazikusaidia. Tulipiga picha ya kamati chini ya mlingoti wa kwanza, ile picha ilipata likes hadi nikaona mimi ni kiongozi. Muhula uliofuata tulikuwa na mitihani. Uliofuata huo kamati haikuwepo tena. Mwaka wa tatu karo ikanishinda, nikaondoka.

Niliondoka alfajiri, kwa geti la nyuma, kwa sababu mathree za upande ule zilikuwa za bei nafuu na sikutaka watu wanione na sanduku. Mlingoti wa mwisho uko pale hosteli zinapoishia. Baada ya hapo nilihesabu hatua, sijui kwa nini, labda kwa sababu nilikuwa naogopa. Hatua mia moja na arobaini hivi za giza. Katikati nikakutana na kina mama wakiingia, watano au sita, wameshikana mikono kama watoto wa nasari, mmoja ana tochi ya simu. Anti alinitambua. Alinibebea begi dogo hadi getini, akaniuliza kama nimekula. Nilitaka kumwambia habari ya ule mstari. Niliona ni lazima nimwambie.

Akanitangulia yeye. Aligeuka akaelekeza kidole kule hosteli, kwenye ile milingoti saba. "Mlifanya kazi nzuri," akasema. "Tunaziona kutoka huku."

Nikasema asante, Anti. Gari likaja.